Una laki nne na unataka risiva? Achana na wati kwanza

Kuna kaka wa Morogoro kaniandikia: "Kaka habari, nina laki nne, nataka risiva ya homu thieta yenye wati nyingi, nichukue ipi?" Nikacheka. Halafu nikakasirika kidogo, na hasira zenyewe hazimhusu yeye. Zinamhusu shemeji yangu.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii risiva ya dishi. Nazungumzia lile boksi zito unalochomeka TV, king'amuzi na gemu, lenyewe linagawa sauti kwenye spika tano na sabufa. Yangu ni Yamaha RX-V385, toleo la 2018, nimeichukua Kariakoo ikiwa imeshatumika Uingereza, kwa bei ileile ambayo shemeji alitoa kwa sabufa lake jipya la taa za rangi.

Sasa Idi hii kaja kwangu na familia. Nimeweka muvi, watu wametulia, yeye kainuka kwenda kusoma karatasi ya risiva niliyoiacha juu ya kabati. "Wati sabini? Shem, hii si balbu ya stoo? Langu limeandikwa elfu kumi na mbili!" Sebule nzima ikaangua kicheko. Wanangu wakacheka. Mama watoto naye, nilimwona, akajifanya anachukua sahani. Mpaka leo nikikumbuka inanichoma.

Lakini Mungu si Athumani. Tulipowarudishia ziara, wenzangu wako mezani, mimi nikaligeuza lile sabufa taratibu nikasoma kibati cha nyuma, pale wanapoandika umeme linaokula. Wati 60. Sasa niambie, kifaa kinachovuta wati 60 ukutani kinatoaje elfu kumi na mbili kwenye spika? Hizo elfu ni PMPO, namba ya kupendezesha boksi. Nilirudi mezani nikala pilau vizuri sana siku ile.

Sabini za Yamaha zimepimwa chaneli mbili, yaani njia za spika mbili, zikifanya kazi kwa pamoja, kwenye omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), kuanzia besi ya hezi 20 hadi ile sauti nyembamba ya hezi 20,000. Hata kampuni kubwa zina namba mbili. Sony STR-DH590, ya mwaka huohuo 2018, utaiona imeandikwa wati 145. Hiyo ni kwa sauti moja tu ya hezi 1,000. Ukishuka kwenye maandishi madogo, chaneli mbili kwa masafa yote, ni 90. Na 90 kwa 70 usidhani utaisikia: ukiongeza wati mara mbili kamili unapata desibeli 3 tu, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Ili sikio lako liseme "hii sasa ni maradufu" unahitaji karibu mara kumi. Kwa hiyo kaka yangu, kwa sebule ya nyumba ya kupanga, swali la wati liweke mwisho kabisa.

Angalia matundu. Mimi kabla ya kutoa hela nilikaa na TV yangu nikahesabu nitakachochomeka. Tundu la HDMI lililoandikwa ARC kwenye TV na kwenye risiva ndilo litakalorudisha sauti ya TV kwa waya mmoja, ila uiwashe kwenye menyu zote mbili, maana wengi hurudisha mzigo dukani wakisema mbovu kumbe imezimwa. Risiva ikiwa ya zamani haipitishi picha ya 4K, usiikimbie kwa hilo. King'amuzi chomeka moja kwa moja kwenye TV, sauti irudi kwa ARC. Hata isiyo na HDMI kabisa, yenye tundu la optiko tu, inapokea Dolby Digital ya 5.1, yaani sauti ya spika tano na sabufa, na hizo ndizo zinazouzwa bei ya bure kwa sababu watu wanazidharau.

Tundu la USB mbele lisikudanganye. Kwenye hizi za bei yetu ni la muziki, muvi ya flashi haisomi. Muvi unaichezea kwenye TV. Na hapo kuna mtego: TV za Samsung kuanzia za 2018 hazifungui DTS, aina ya sauti iliyomo kwenye baadhi ya muvi, basi muvi hiyo inacheza bubu, fundi anaitwa bure.

Kuhusu spika za ile homu thieta ya zamani ya DVD iliyokufa: nyingi ni za omu 3 au 4, risiva inataka kuanzia 6. Ukiilazimisha inaweza kujizima, na ukiendelea kulazimisha unaweza kuiunguza. Sabufa nalo liwe linalochomekwa umeme lenyewe, kwa sababu tundu la sabufa kwenye risiva halitoi nguvu, linatoa ishara tu.

Vijana wa sasa mnapenda kutetemesha kioo cha jirani. Mwanamume mzima unashindana kelele na baa! Thamani ya kitu hiki ni kusikia mtu akinong'ona kwenye muvi bila kushika remoti kila dakika, na kazi hiyo inafanywa na spika ya katikati. Muvi zetu za kutafsiriwa mara nyingi zina sauti ya kushoto na kulia tu, lakini risiva inajua kuyatoa maneno na kuyapeleka katikati. Shemeji na elfu zake kumi na mbili hana hiyo spika.

Kwa laki nne ningefanya hivi: laki mbili na ushee kwenye risiva, zinazobaki spika ya katikati na mbili za mbele. Za nyuma na sabufa subiri mwezi mwingine. Kabla ya kulipa soma nyuma: ya Uingereza au Dubai inakubali umeme wetu wa volti 230, ya Japani ni 100 na ya Marekani 120, utaongeza hela ya transfoma. Iwashwe mbele yako, usikie ule mlio wa "tak" ndani baada ya sekunde chache. Usiposikia na taa ikapepesa, imejifunga. Halafu kwenye menyu pitisha sauti ya majaribio spika moja moja.

Maikrofoni ya kupimia chumba inayokuja na risiva mara nyingi inakuwa imepotea njiani. Bila hiyo chukua futi ya fundi cherehani, pima umbali kutoka unapokaa hadi kila spika, ingiza namba kwenye menyu kwa mkono.