Leso ya Mama ilipokataa kufunga

Mama alianza kwa kulalamikia leso. Ile ile aliyojifunga miaka yote sokoni Kibuye ilikuwa haizunguki tena kiunoni, huku mikono ikizidi kukonda. Zahanati mbili hapa Kisumu zikampa dawa za vidonda vya tumbo, kisha za amiba. Miezi minne ikaenda hivyo. Altrasaundi ndiyo iliyofichua: uvimbe kwenye ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi, na maji yamejaa tumboni.

"Lakini mwaka jana alipimwa mlango wa kizazi, akawa sawa!" nikamwambia daktari. Akanijibu kwamba kipimo kile hakichunguzi ovari.

Kilichotuvuruga zaidi ni upasuaji. Ataondoa ovari na kizazi, akasema, na omentamu pia. Ukichinja mbuzi, ni ule utando wa mafuta unaofunika matumbo. Shangazi akahamaki: "Mafuta nayo yamekosa nini?"

Kumbe seli za saratani ya ovari mara nyingi hazingoji damu izibebe. Hubanduka, zikaelea kwenye majimaji ya tumbo, halafu zikafuata ishara za kemikali kama paka wa ufuo wa Dunga wafuatavyo harufu ya samaki anayekaangwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kuwa seli za mafuta za omentamu hutoa kemikali zinazoziita seli za saratani, mojawapo interlukini-8. Zikishatua, hunyonya mafuta yale yale na kuyatumia kukua. Hata maji ya tumboni yana asidi ya lisofosfatidi, inayozichochea kutembea.

Nilipomweleza shangazi hayo kwa Kijaluo, alinyamaza, kisha akauliza upasuaji ni lini. (Wapo watakaokwambia uache mafuta ya kupikia usije "ukaiita" saratani. Wapuuze. Omentamu hata wembamba wanayo.)

Kwa hivyo, dada yangu, tumbo likijaa kwa wiki mbili tatu bila kupungua, ukishiba kwa vijiko viwili, ukienda haja ndogo kila mara, usiridhike na dawa za vidonda. Omba altrasaundi ya nyonga. Mtaje mama, dada au shangazi wa damu aliyeugua saratani ya ovari au ya matiti, hata asipokuuliza mtu. Na maji yakitolewa tumboni, uliza kama yanapelekwa maabara kutafutwa seli za saratani. Lita tatu za kwanza za Mama zilimwagwa tu.