Sefu ya kidole inawasha taa ya kijani lakini haifunguki

SWALI: Fundi, jambo sana. Niko Kadutu, Bukavu. Tangu benki za mji zilipofunga mwanzoni mwa 2025, pesa ya duka ninaiweka nyumbani, katika sefu ndogo ya chuma inayofunguliwa kwa kidole au kwa namba. Ilianza kwa kukisumbua kidole changu, leo inakubali, kesho inakataa. Sasa taa ya kijani inawaka, inalia, nasikia "tik" ndani, lakini kishikio hakizunguki. Nikitumia namba ni vilevile. Betri zake ziko ndani ya mlango, kwa hiyo nilinunua nne mpya sokoni nikazitia katika kile kisanduku cha nje chenye waya. Hakuna kilichobadilika. Funguo za dharura nilizifungia humo humo ndani. Jirani anataka kuja na mashine ya kukatia vyuma. Nimruhusu?

JIBU: Jambo, Mama. Mwambie jirani asubiri kwanza.

Hiyo taa ya kijani ndiyo habari kubwa katika swali lako. Maana yake sefu imekutambua: kidole kimesomwa, namba imekubaliwa, saketi imetoa amri ya kufungua. Kilichoshindikana ni kazi ya mwisho, ile inayotaka nguvu. Nyuma ya vibonyezo kuna koili ya umeme inayovuta pini ndogo ya chuma; pini ikivutwa, makomeo yanaachiwa na kishikio kinazunguka. Kusoma kidole na kuwasha taa kunakula umeme kidogo sana. Koili inataka mkupuo mkubwa kwa sekunde chache. Ndiyo maana betri iliyochoka inaweza kuendelea kuwasha taa na kulia kwa siku nyingi ilhali haiwezi kuvuta pini. "Tik" hafifu unayoisikia ni pini inayosogea kidogo na kurudi.

Utasema betri ni mpya. Mpya sawa, lakini za aina gani? Itoe moja usome maandishi madogo ubavuni. Ikiwa imeandikwa LR6, ni ya alkali, na hiyo ndiyo inayotakiwa. Ikiwa ni R6 bila herufi L mbele, ni ya zinki na kaboni, inayofaa redio ndogo na saa ya ukutani. Zote mbili ni za volti 1.5, nne zinatoa volti 6, na ukizipima zikiwa zimetulia hutaona tofauti ya maana. Tofauti inatokea koili inapodai umeme wake: ya zinki ina ukinzani mkubwa ndani yake, yaani inazuia umeme kupita, volti zinaporomoka papo hapo, pini inabaki mahali pake. Betri za bei ya chini sokoni kwa kawaida ni hizo. Zipime pia kwa mkono: ya alkali ina uzito wa gramu 23 hivi, ya zinki mara nyingi haifiki 20. Iliyoandikwa LR6 lakini ni nyepesi, usiilipie.

Iko betri moja ya kuogopa kabisa. Ina umbo hilo hilo lakini imeandikwa 14500 na volti 3.7, huuzwa kwa ajili ya tochi. Nne za namna hiyo zinafika karibu volti 15, na zikiwa zimejaa chaji zinapita 16. Saketi iliyotengenezwa kwa volti 6 itaungua, na hapo utakuwa umejitengenezea tatizo la pili. Zile za kuchaji za kawaida, zilizoandikwa HR6, ni volti 1.2 kila moja. Nyingi ya sefu zitalalamika kuwa betri ni dhaifu hata kama zimejaa.

Sasa fanya hivi, kwa utaratibu huu.

Iache sefu dakika 20 bila kuigusa. Sefu nyingi hujifunga zenyewe kwa muda baada ya majaribio kadhaa yaliyokosewa, na kila ukibonyeza tena unaweza kuwa unaongeza muda.

Tia LR6 nne za kampuni moja, zilizonunuliwa pamoja, katika kisanduku cha nje. Angalia chemchemi zake: kutu nyeupe au ya kijani ikwangue mpaka chuma king'ae. Chomeka waya na uushikilie kwa kidole usicheze, kwa sababu tundu hizo hulegea upesi.

Mtu wa pili aegemee mlango kwa nguvu, kuelekea ndani. Wakati huo wewe zungusha kishikio kidogo kuelekea upande wa kufunga, kisha kiachie. Sefu iliyojaa noti na makaratasi husukuma mlango kutoka ndani, makomeo yanakaza, na pini inabanwa kiasi kwamba hata koili yenye nguvu haiwezi kuivuta. Watu wengi hufanya kinyume, wanavuta mlango kwa hasira huku wakibonyeza namba, na hivyo ndivyo pini inavyobanwa zaidi.

Bonyeza namba, si kidole, ili tuliweke kando suala la kidole. Ukisikia "tok" yenye uzito, zungusha mara moja. Una kama sekunde 5 tu. Rudia mara tatu au nne, ukipumzisha dakika moja kati ya jaribio na jaribio. Pigo dogo la kiganja kando ya vibonyezo wakati wa "tok" husaidia pini iliyokauka mafuta.

Isipofunguka, tafuta fundi mwenye multimeta, kile kifaa cha kupimia umeme, mkapime volti kwenye kisanduku cha betri wakati koili inavuta, si kabla. Zikishuka chini ya volti 5, lawama bado ni ya betri au ya chemchemi zake. Zikibaki karibu na 6 na ndani kimya kabisa, waya wa koili umekatika au koili yenyewe imekufa, na kuendelea kubadilisha betri ni kupoteza pesa.

Hapo ndipo unapomwita fundi wa makufuli, sio wa kuchomelea vyuma. Tundu la ufunguo lipo, mara nyingi limefichwa chini ya nembo au kifuniko cha plastiki karibu na vibonyezo, na kufuli za sefu ndogo za nyumbani fundi mzoefu anaweza kuzifungua bila kuharibu kitu. Namba iliyobandikwa nyuma, chini au kwenye kitabu chake humwezesha pia mtengenezaji kukutumia ufunguo mwingine, ukiwa na risiti. Mashine ya kukatia hurusha cheche, na ndani umeweka karatasi. Noti zilizoungua pembeni unajua zinavyopokelewa kwetu: dola yenye mchaniko mdogo tu inakataliwa. Kwa usalama wako, fundi aje mchana, awe mtu unayemfahamu, na usibonyeze namba mbele yake.

Mlango ukifunguka, usiufunge tena siku hiyo. Kila kipimo kifanyike mlango ukiwa wazi: toa makomeo, yarudishe, kwa kidole na kwa namba, mara kumi mfululizo. Ukikosa hata mara moja, bado haijapona. Toa betri za ndani. Zikiwa zimevuja unga mweupe, na ni za alkali, vaa glavu, pangusa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha, kisha malizia kwa alkoholi. Fuata waya mwembamba unaotoka kwenye vibonyezo uone kama umebanwa mahali.

Kuhusu kidole kilichokuwa kinakataliwa, chanzo kinaweza kuwa betri hizo hizo, maana volti zikishuka hata usomaji unayumba. Lakini mikono ya dukani nayo ina mambo yake. Vihisi vingi, yaani zile sehemu zinazosoma kidole, hupima tofauti ndogo za umeme kati ya matuta na mabonde ya ngozi. Unga, chumvi, sabuni na mafuta vinayaziba. Ngozi kavu ya kiangazi, Juni hadi Agosti, inatoa ishara hafifu. Kidole chenye maji kinayachanganya yote. Pangusa kihisi kwa kitambaa laini chenye alkoholi kidogo, kamwe si petroli wala steelwire. Futa alama za zamani, sajili upya kidole kimoja mara tatu, kila mara ukikigeuza kidogo, kisha kidole cha mkono wa pili.

Halafu jambo ambalo karibu kila mtu analiruka: mwombe mtu ambaye hakusajiliwa aweke kidole chake. Baadhi ya sefu, zikiwa hazijasajiliwa alama yoyote au zikirudishwa katika hali ya kiwandani, hufungukia kidole chochote. Si maneno ya kutishana. Oktoba 2023 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa sefu za kidole takriban 61,000 za kampuni ya Fortress kwa sababu hiyo hiyo. Yako ikimfungukia mgeni, tumia namba peke yake. Na namba ya kiwandani ibadilishe, kwani imechapishwa katika kitabu cha kila mwenye sefu ya aina hiyo.

Funguo zikae nyumba nyingine, kwa ndugu unayemwamini, pamoja na kisanduku cha nje kisichotiwa betri. Ndani tia vipakiti viwili vya silika, ile chembechembe inayonyonya unyevu, kwani unyevu wa Bukavu huotesha ukungu kwenye noti kabla haujafika kwenye saketi. Betri zote nne badilisha pamoja kila mwaka hata kama sefu haijalia, na tarehe iandike kwa kalamu juu ya kifuniko chake.