Usiombe ruzuku kwa jina la mtu: jibu kwa mwenye kikundi cha maigizo Tanga

Mkuu, ishia hapo hapo ulipofika. Hujasaini bado? Usisaini.

Uzi wako nimeusoma wote. Umeuliza andiko la mradi liandikwe kwa lugha gani, bajeti ikae vipi, majibu huchukua muda gani, na kama Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unafaa kuanzia. Nitayafikia nikikumbuka. Kilichonitoa kitandani ni ule mstari wa chini kabisa uliouweka kama jambo dogo: kikundi hakijasajiliwa, ila kuna kaka ana asasi, mtaombea kwa jina lake na akaunti yake, achukue asilimia kumi.

Huyo kaka namjua. Sijawahi kumwona, ila namjua.

Wa kwangu alikuja na semina. Ukumbi wa hoteli, maji ya chupa, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Akatuambia usajili ni makaratasi tu, wenye fedha wanatafuta wazo. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, na nadhani ule wali kuku wa mchana ulichangia.

Basi kikundi chetu cha ngoma kikaombea kwenye asasi yake. Andiko tuliandika wenyewe, picha zetu, video zetu, jina lake juu. Tukapata! Laiti tungekosa.

Mkataba wa ruzuku husainiwa na mwombaji, na mwombaji ni asasi. Sisi mle ndani tuliitwa "wanufaika". Awamu ya kwanza ilipoingia, meseji ya benki ilikwenda kwenye simu yake, sisi tukaja kuzisikia habari kwa watu. Nikampigia, akasema fedha "zinachakatwa". Zilipomaliza kuchakatwa, ile asilimia kumi ilikuwa imezaa watoto: kodi ya ofisi yake, mafuta ya gari lake, posho ya mhasibu ambaye mpaka leo sijamtia machoni. Kilichobaki kikawa kinakuja kwa M-Pesa vipande vipande, laki moja leo, elfu sabini Ijumaa, hakuna hati, hakuna maelezo.

Wakati huo fundi wa ngoma Bagamoyo alishaanza kazi kwa neno langu tu. Magogo yametobolewa, yamepangwa kivulini, ngozi hazijawambwa kwa sababu hela ya ngozi haijafika. Kila nikipita ananiuliza, "Mzee, hizi nizigeuze vinu?" Nikacheka naye, ningefanya nini.

Ikafika zamu ya taarifa ya matumizi. Fedha ya umma inakaguliwa, na mkaguzi hana habari na kipaji chako. Anataka risiti za EFD (ile mashine ya kodi) zenye jina na TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya aliyepewa ruzuku, taarifa ya benki, orodha ya waliolipwa na saini zao, na ushahidi kwamba kodi ya zuio ilikatwa kwa waliolipwa kwa huduma. Sisi tulikuwa na meseji za M-Pesa na picha za watu wakicheza. Asasi ikaandika kwamba kikundi ndicho kilichoshindwa kurudisha risiti. Awamu ya pili haikutoka. Wachezaji wakanidai mimi, kwa kuwa mimi ndiye waliyenijua.

Nikaenda kulalamika. Ofisa akanisikiliza vizuri, akafungua jalada, akapekua, akaniuliza kwa upole: "Samahani, wewe ni nani kwenye mradi huu?" Jina langu lilikuwa kwenye kiambatisho, katika orodha ya wapiga ngoma.

Hela nililipa kidogokidogo ikaisha. Linaloniuma mpaka sasa ni kwamba kwenye karatasi lile onyesho ni la asasi. Wao ndio wenye uzoefu, wao wana barua ya ufadhili ya kuambatisha kwenye maombi mengine. Tulipokuja kuomba kwa jina letu, pale panapoulizwa miradi iliyotangulia tukaacha wazi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaing'ang'ania hata mkinicheka: jina kwenye maombi, kwenye mkataba na kwenye akaunti liwe lenu. Kama si lenu, msiombe. Dirisha likifungwa, lifungwe. Na wewe mdau hapo juu uliyemwambia "nenda tu, usajili utafuata", ulishawahi kuomba hata mara moja, au bando lilikuwa linakaribia kuisha muda?

Kusajili hakuna ugumu huo unaotishiwa. Andaeni katiba, muhtasari wa mkutano uliochagua viongozi na orodha ya wanachama. Piteni serikali ya mtaa na kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, halafu BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984. TIN mnachukua TRA, mamlaka ya mapato. Akaunti iwe ya jina la kikundi, na watia saini wasiwe wanalala nyumba moja (mume na mke tulishajaribu, usiniulize). Mswada wa igizo lenu upelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haujasambaa kwenye simu za watu.

Halafu huo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, mikopo yake hupitia benki. Mkopo unarudishwa, mkuu, usije ukaupigia bajeti ya ruzuku. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo ni mikopo: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ruzuku hasa ipo kwenye ule mfuko wa UNESCO wa uanuwai wa utamaduni, unafika dola 100,000 kwa mradi, lakini maombi huchujwa kwanza hapa nchini na mtu binafsi hapokelewi. Kote huko swali la kwanza ni mmesajiliwa kwa jina gani.

Lugha ya andiko imeandikwa kwenye tangazo lenyewe, lisome. Bajeti leo sina nguvu nayo.

Ila huyo kaka mpime hivi: mwombe barua ya asasi yake ya kuunga mkono maombi yenu, mtakayoomba kwa jina lenu, bila asilimia yoyote. Halafu rudi hapa utuambie amejibu nini.