Kabla hujafungasha mandhari yako ya Blender, angalia imebeba nini

Wewe unayeanza kutengeneza mandhari za 3D kwa programu ya Blender na sasa unataka wengine wazitumie, nakuomba uifikirie kompyuta ya atakayezipokea. Haina folda zako wala programu-jalizi ulizozizoea, na huenda huyo mtu anapakua kwa bando. Kila kitu ambacho mandhari yako inakihitaji kutoka nje kinakuwa kazi yake, na kila kitu kisichohitajika ulichokiacha ndani anakilipia yeye.

Chukua mlango wa nakshi wa Kizanzibari. Umeutengeneza ndani ya faili kubwa la mtaa mzima, sasa unataka kuutoa peke yake. Unafungua faili jipya, unautwaa kwa "Append" (amri ya kunakili kitu kutoka faili jingine la Blender), unapaki tekscha (picha zinazofunika nyuso za vitu) ndani ya faili, unahifadhi, halafu unakuta faili ni zito kuliko mlango mmoja unavyoweza kuwa. Tatizo liko kwenye mnyororo. Mlango uliwekewa draiva, yaani kanuni inayokifanya kitu kibadilike kwa kufuata kingine; hii inapima umbali wa mhusika ili mlango ufunguke akikaribia. Kwa hiyo mlango unautaja mwili wa mhusika. Mwili unataja nywele zake, mifupa yake na materiali ya ngozi (mpangilio wa rangi na mng'ao wake). Materiali nayo inataja tekscha za 4K (pikseli 4096 kwa 4096). Upande wa pili kuna tundu la ufunguo, lililokatwa kwa modifaya ya Boolean, hatua inayotumia umbo moja kukata jingine na inayoweza kubadilishwa baadaye. Umbo lililolikata bado limefungwa kwenye ukuta kama mtoto wa ukuta huo, basi ukuta nao umekuja, pamoja na materiali zake zote. Blender ikileta kitu, inaleta kila kinachotajwa na kitu hicho, kisha kila kinachotajwa na hicho kilichotajwa, hadi mnyororo uishe.

Ndiyo maana nasisitiza usianze kwa kufuta tekscha moja moja. Tafuta kiungo kilichovuta vingine, ukikate hapo. Kwa mlango huu vipo viwili. Anayepokea mlango hana haja na mhusika wako, kwa hiyo draiva iondoke. Modifaya ya Boolean itekeleze kwa "Apply", tundu liwe sehemu ya umbo la mlango lenyewe, na umbo lililokata halitahitajika tena. Fanya haya kwenye nakala, kwa sababu ukishatekeleza modifaya huwezi tena kulisogeza tundu. Baada ya hapo futa mhusika, ukuta na umbo lililokata kama vinaonekana kwenye Outliner (orodha ya vitu vilivyomo kwenye faili), kisha nenda menyu ya File, "Clean Up", uchague "Purge Unused Data".

Hapa wageni wengi hushangaa kuona baadhi ya materiali bado zipo. Blender huhesabu watumiaji wa kila data, na isiyo na mtumiaji haihifadhiwi. Lakini ukibofya ile alama ya ngao pembeni ya jina, unaipa data mtumiaji wa bandia, nayo inabaki hata kama hakuna kitu kinachoitumia. Ngao ni nzuri wakati wa kazi. Wakati wa kufunga kifurushi, pitia orodha yote kwenye Outliner kwa mwonekano wa "Blender File" na uondoe ngao zisizo na sababu.

Tekscha nazo zinahitaji macho. Picha ya 4096 kwa 4096 yenye chaneli nne za biti 8 inachukua mebibaiti 64 ikiwa haijabanwa kwenye kadi ya michoro. Ya 2048 kwa 2048 inachukua 16. Msumari wa mlango unaoonekana kwa mbali hauna haja ya 4K, na ukipunguza hapo hakuna atakayegundua. Kisha chagua: ama upaki picha ndani ya faili kwa "Pack Resources", ama uziweke kwenye folda iliyo jirani na faili na njia zake ziwe za kuanzia hapo faili lilipo, zile zinazoanza kwa mikwaju miwili (//). Njia kamili inayoanzia kwenye diski yako itakatika kwa mwingine, na mara nyingi inaonyesha hadi jina la akaunti yako ya kompyuta. Video hazipakiki ndani ya faili, hizo zibebe pembeni. Na andika majina ya faili kwa herufi ndogo tupu, kwa sababu kwenye Linux "Ukuta.PNG" na "ukuta.png" ni faili mbili tofauti.

Si kila utegemezi ni mbaya, na sipendi ushauri wa kukata kila kitu. Kama una mandhari kumi zinazotumia viti vilevile, faili moja la viti lililounganishwa kwa "Link" (linasomwa lilipo badala ya kunakiliwa) ni bora kuliko kunakili viti mara kumi, mradi faili hilo lisafiri pamoja na mandhari. Leseni nayo ina neno. Tekscha za tovuti ya Poly Haven ni CC0, yaani wenyewe wameachia haki zao, unaweza kuzipaki bila wasiwasi. Za CC BY zinakutaka umtaje aliyezitengeneza. Modeli uliyoinunua mara nyingi huruhusiwi kuigawa, hata ikiwa imefichwa ndani ya faili lako. Hapo badilisha kwa kitu ulichokitengeneza mwenyewe, au uiache nje na umwambie mpokeaji aipate wapi.

Mwisho kuna jaribio ambalo halina mbadala. Hamisha kifurushi kwenye folda mpya, badilisha jina la folda yako ya zamani ya tekscha, kisha fungua Blender kwa amri yenye "--factory-startup" ili programu-jalizi zako zisiwashwe. Fungua faili. Popote palipogeuka rangi ya waridi kali, tekscha imekosekana. "Report Missing Files" itakupa majina. Kama kuna kitu kilichogoma kwa sababu ya programu-jalizi, geuza matokeo yake kuwa umbo la kawaida. Kilichobaki baada ya hapo, ambacho kweli hakiondoki, kiandike kwenye faili fupi la maandishi ndani ya kifurushi: jina lake, toleo, leseni, na toleo la Blender ulilotumia.