Chombo Kimefunguliwa, Mataruma Yameoza

SWALI: Sisi ni ndugu watatu, tunaunda na kukarabati mashua za mbao. Tumepokea mashua ya futi 28 kwa bei moja ya kubadili mbao sita. Tulipozibandua tukakuta mataruma tisa, yaani mbavu za ndani zinazoshikilia mbao, yameoza, na mwenye chombo hataki kuongeza fedha. Tumekosea wapi?

JIBU: Mmepatana bei ya kitu msichokiona. Kazi ya kufungua na kukagua ilipwe peke yake, kwanza. Ng'oeni ubao mmoja chini ya sitaha na mwingine karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, toeni misumari michache muone ilivyolika, kisha chomeni mataruma kwa ncha ya kisu. Kikizama bila ubishi, mti umekwisha. Anzieni pale maji ya mvua yanapotuama: kwenye tezi (nyuma ya chombo), pembeni mwa sitaha na chini ya mlingoti. Maji ya mvua huozesha mti kuliko ya chumvi. Baada ya hapo kila ubao na kila taruma liandikiwe bei yake, mteja atie saini ndipo mkate mti mpya.

Kwa hii iliyo mikononi mwenu, mwiteni aje auguse uozo mwenyewe, picha haitoshi. Achague: mataruma yote tisa yabadilishwe, au alipe kazi iliyokwisha fanyika achukue chombo chake. Kupigilia ubao mpya kwenye taruma bovu msikubali hata akisihi. Msumari hautashika, na watakaokuwa baharini ni watu.

Akikubali, msitoe mataruma yote kwa mpigo, umbo litafunguka. Toeni moja, rukeni moja, chombo kikiwa kimeegemezwa pande zote mbili, na mkuku mwupime kwa uzi kila asubuhi. Viungo vya ncha kwa ncha, katika safu za mbao zinazopakana, viachane angalau nafasi tatu za mataruma. Misumari ya chuma isikae pamoja na ya shaba, kwani ndani ya maji ya chumvi chuma kitaliwa upesi.

Tena, ujira wenu wenyewe mmeuhesabu? Ndugu akifanya kazi siku 20 bila kuandikiwa kitu, bei huonekana nafuu kumbe yeye ndiye anayeilipia. Ziandikeni siku za kila mmoja, pamoja na za anayeshika daftari.

SWALI: Mashua tuliyoitia kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa kati ya mbao, imevuja mara tu iliposhushwa majini. Tuipandishe?

JIBU: Bado. Mbao zilizokaa nchi kavu husinyaa, na huhitaji siku mbili tatu kunywa maji zikavimba zikabana. Wekeni pampu na mtu wa kulala nayo. Kosa kubwa ni kushindilia pamba nyingi mbao zikiwa kavu: zikivimba hukosa pa kwenda, zikang'oa misumari au kuvunja taruma. Siku ya tatu ikipita na maji yanaingia kwa kasi ileile, ipandisheni, mkague kwanza mshono wa ubao wa chini kabisa na mkuku.