Mnataka kujitolea kufundisha watoto? Anzeni kwa kumpima mtoto, vitabu vitafuata

Mdogo wangu uliyefungua huu uzi, nimesoma swali lako jana usiku na nimerudi leo kulijibu kwa kirefu maana limenigusa sana. Umesema mko vijana sita, mmemaliza shule mnasubiri chuo, mna nafasi jumamosi na jioni mbili za katikati ya wiki, mnataka kusaidia watoto wanaoachwa nyuma kielimu na hamjui muanzie wapi. Wadau wengi hapo juu wamekushauri mchangishe vitabu na madaftari. Mimi mambo haya nimejitolea mwaka wa saba huu na ushauri wangu ni tofauti kabisa: kwa sasa msichangishe kitu chochote. Kaeni na mtoto mmoja mmoja, mjue anaweza kusoma nini na hawezi nini, afu mfundishe kuanzia hapohapo alipo, siku zilezile, saa ileile, watu walewale, mpaka asome.

Nasema hivyo kwa sababu sisi tulianza na vitabu. Tulikuwa wanane, tukapita kwa majirani na kwa watu tuliosoma nao tukapata vitabu zaidi ya mia nne, tukapewa chumba, tukakipaka rangi wenyewe, tukatengeneza rafu, siku ya kufungua watoto walijaa mpaka nje. Baada ya miezi mitatu nikawa nafungua vitabu nakuta karatasi bado zimenyooka kama zilivyokuja, vilivyochakaa ni vile vya picha tu. Tukaamini watoto hawapendi kusoma. Mwenzetu mmoja akashauri tuweke zawadi kwa atakayemaliza vitabu vingi na karibu wote tulikubali.

Kilichonifumbua macho ni binti mmoja wa darasa la tano. Alikuwa anakuja kila siku, anachukua kitabu kimoja kilekile, nikamwomba anisomee. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti nzuri kabisa, na mimi nikafurahi kweli, ila nikaona kidole chake kiko mstari wa pili wakati mdomo ushafika wa nne. Nikachukua karatasi nikaandika maneno matatu kutoka ukurasa uleule aliotoka kuusoma, nikamwambia haya nisomee haya. Akayatazama kimya muda mrefu, akainua uso akaniuliza, "Haya ni ya ukurasa wa ngapi?"

Alikuwa amekariri kitabu chote. Miaka mitano anaenda shule, anaitika jina asubuhi, ananakili ubaoni kwa mwandiko mzuri, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye dakika tano kumsikiliza peke yake. Simlaumu mwalimu wake, mwalimu mwenye darasa la watoto themanini hizo dakika tano anazitoa wapi? Lakini sisi tulikuwa wanane na muda tulikuwa nao, tukautumia kupaka rangi.

Ndo maana watu wakisema kuongeza fursa ya elimu mimi nauliza, fursa ya kuingia darasani au ya kujua kusoma? Ni shida mbili na zote ni kubwa. UNESCO mwaka 2023 walitoa hesabu ya watoto na vijana wapatao milioni 250 duniani ambao hawako shuleni kabisa. Lakini Benki ya Dunia nao mwaka 2019 walionyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, asilimia 53 ya watoto wa miaka 10 hawawezi kusoma hadithi fupi ya kawaida wakaielewa, na baada ya shule kufungwa kipindi cha korona makadirio yao ya 2022 yalipanda mpaka asilimia 70. Humo kuna watoto wengi mno ambao wako darasani kila siku. Hao ndio nyie vijana sita mnaweza kuwafikia kesho.

Sasa kupima. Msiogope hili neno, halihitaji mtaalamu. Kuna kipimo kilianzia India mwaka 2005 kinaitwa ASER, na kwetu Kenya, Tanzania na Uganda kikaja kwa jina la Uwezo mwaka 2009, na uzuri wake ni kwamba wanaopita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto wengi wao ni watu wa kujitolea, vijana kama nyie. Ni karatasi tu. Juu kuna herufi, chini yake maneno mafupi, afu aya moja fupi, afu hadithi ndogo na maswali yake mawili. Unakaa na mtoto, unampa aya, akishindwa unashuka kwenye maneno, akishindwa unashuka kwenye herufi, akiiweza aya unampandisha kwenye hadithi. Mnamaliza kwa dakika chache. Kwa Kiswahili sisi tuliongeza silabi katikati ya herufi na maneno kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama, mtoto anaijua b na anaijua a lakini hajui kwamba zikikaa pamoja ni ba. Andika ngazi aliyofika, tarehe, basi. Ila kaeni pembeni ambapo watoto wengine hawasikii, na akikosea usikunje uso. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayeshindwa silabi anajua anashindwa, amelificha hilo kwa miaka, na siku unayompima ndiyo siku anayoamua kama atarudi.

Ukishapima ndo unapanga makundi kwa ngazi, darasa analosoma na umri wake liache kando. Hili halikutoka kichwani kwangu. Pratham, shirika lililoanza Mumbai katikati ya miaka ya tisini, walichukua mabinti wa mitaa hiyohiyo waliomaliza sekondari, wakawapa mafunzo ya wiki mbili hivi, kila mmoja akawa anachukua watoto kama ishirini walioachwa nyuma anakaa nao saa mbili kwa siku kwenye misingi tu, kusoma na kuhesabu. Wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo na wenzao wakafuatilia wakakuta watoto wale wamepanda kweli, matokeo yakachapishwa 2007, na utafiti wa aina hiyo ni sehemu ya kazi iliyowapa wawili hao pamoja na Michael Kremer Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Angalia sasa, wale mabinti hawakuwa walimu waliosomea ualimu chuoni. Walikuwa na mafunzo ya wiki mbili, walijua kila mtoto yuko wapi, na walikuwepo kila siku.

Shida ya makundi ni aibu. Mtoto wa la sita ukimkalisha na wa la pili hatarudi, hilo nakuhakikishia maana tulipoteza wanne wiki ya kwanza. Tulichofanya baadaye, makundi yakapewa majina ya rangi, na tukaacha kabisa kutamka darasa la mtu mle ndani, na yule mkubwa tukampa kazi ya kweli, ndo anayegawa karatasi, ndo anayeandika tarehe ubaoni. Kuandika tarehe ubaoni mbele ya watu kwa mtoto ambaye hajui kusoma sio jambo dogo, kijana mmoja alikuwa anakuja nusu saa kabla ili nimwonyeshe jinsi ya kuiandika wengine wasione.

Mahudhurio, hapa jipangeni sawasawa. Kuna utafiti mwingine huko Uttar Pradesh, India, vijana wa vijijini walifundishwa kuendesha madarasa ya kusoma ya kujitolea, na watoto waliohudhuria walipiga hatua kubwa sana, lakini waliohudhuria walikuwa asilimia 8 tu ya watoto wote wa vile vijiji. Asilimia nane! Yaani darasa zuri lipo, mwalimu yupo, bure, na tisini na mbili kati ya mia hawakutokea. Mimi niliposoma hiyo nikaelewa kwanini kwetu tulikuwa tunaanza na thelathini tunamaliza na tisa. Tukaacha kusubiri chumbani, tukaanza kwenda nyumbani kwa asiyekuja, na kila nyumba ilikuwa na sababu yake. Yule binti aliyekariri kitabu kuna wakati alipotea wiki tatu, nikaenda, nikakuta analea mdogo wake wa mwaka mmoja mchana kutwa mama yake akiwa kazini. Nikamwambia mama, aje naye. Basi akawa anakuja na mtoto mgongoni, mtoto akilia anasimama anatembea nyuma ya darasa huku anasoma, na wengine wawili waliokuwa na hali kama yake wakaona inaruhusiwa nao wakaanza kuja. Kama tungeweka sheria ya kukataza watoto wadogo tungewafungia nje walewale tuliokuwa tunawatafuta.

Sasa niongee na nyie sita wenyewe, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Vijana tunaingia kwenye kujitolea kwa moto mkali afu tunapotea. Wa kwetu mmoja, mchangamfu, watoto wanampenda kuliko wote, alipata nafasi ya kazi mkoa mwingine akaondoka bila kuaga. Simlaumu kwa kwenda kazini, kila mtu ana maisha yake. Ila kundi lake lilikaa mlangoni jumamosi tatu mfululizo wanamsubiri, tunawaita ndani hawataki. Wengi wa watoto hawa washaachwa na watu wazima kabla yetu, msije mkawa wengine. Kwahiyo ahidini muda mfupi mnaouweza, sisi ni wiki kumi, na mwisho wake unatangaza mbele ya watoto unaendelea au unaaga. Na kila kundi liwe na watu wawili, mmoja akiugua au akiwa na mtihani kundi halilali. Nyie mnasubiri chuo kwa hiyo tarehe ya kuondoka mnaijua, wapangieni watoto kufuatana na hiyo.

Pia moyo peke yake hautoshi, mjifunze kabla ya kuanza. Kuba mwaka 1961 walipoamua kufuta ujinga, vijana kama laki moja, wengine wadogo kabisa hawajafika hata miaka kumi na tano, walipelekwa vijijini, na ndani ya mwaka huo watu zaidi ya laki saba walijifunza kusoma na kuandika. Wengi wakisimulia hiyo habari wanasimulia hamasa. Mimi kinachonivutia ni maandalizi, walifundishwa kwanza kambini, wakapewa kitabu cha kufundishia, wakapewa na taa ya kuwasomeshea watu usiku baada ya kazi za shamba. Na mtihani wa mwisho wa mwanafunzi ulikuwa kuandika barua. Kila mmoja alijua mwanzo mpaka mwisho anafanya nini. Nyie hamhitaji kambi, tafuteni mwalimu mmoja wa madarasa ya chini, hata mstaafu, mwombeni awafundishe siku mbili jinsi ya kufundisha silabi. Walimu hawa wana hazina kubwa na ni nadra mtu kuwafuata kuwauliza.

Na walimu wa shule wanakosoma hao watoto nendeni kwao mapema, kwa heshima. Sisi tulianza bila kumwambia mtu, mwalimu mkuu mmoja akasikia akadhani tunafungua tuisheni kushindana naye, akakataza watoto kuja, tukapoteza karibu muhula mzima kulirekebisha. Tulipomwonyesha daftari la vipimo, kila mtoto na ngazi yake, alikaa kimya akilipitia, afu akaomba kopi. Tangu siku hiyo yeye ndo anatuletea watoto.

Usalama wa watoto hauna mjadala. Msikae na mtoto peke yenu ndani, mlango uwe wazi, wawe wakubwa wawili muda wote, mzazi awe amekubali na anawajua kwa majina. Na picha msipige. Najua mtataka kuposti watu waone kazi, lakini mtoto wa la sita anayesoma silabi hataki picha yake izunguke kwenye magrupu, mkubwa wake ataiona, mwenzake wa darasani ataiona.

Mdau mmoja hapo juu ameuliza vijana wanapata nini, na kuna mtu kamjibu vibaya. Swali lake ni halali. Kijana asiye na kazi anatoa nauli yake na muda wake, ni haki kufikiria naye ataondoka na nini. CAMFED, shirika linalosomesha wasichana lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993 na lipo Tanzania pia, lina mabinti waliomaliza sekondari wanaorudi shuleni kujitolea kuwasaidia wadogo zao, na wao wanapata mafunzo yenye cheti na mikopo isiyo na riba ya kuanzisha biashara. Nyie kwa udogo wenu andikeni kila kitu, watoto wangapi, walianza ngazi gani, wakaishia ngazi gani, mwalimu mkuu asaini. Karatasi hiyo inasema mengi kuhusu mtu kuliko cheti cha kuhudhuria semina, na mimi kazi yangu ya sasa niliipata kwa daftari hilo.

Vitabu? Vitabu mtachangisha, ila subirini mjue mnahitaji vya ngazi gani. Sisi kwenye ile mia nne tulivyovihitaji kweli havikufika thelathini.

Kwahiyo jumamosi hii tengenezeni hiyo karatasi, herufi, silabi, maneno, aya, hadithi. Mjaribishieni wadogo zenu nyumbani kwanza muone inachukua muda gani, afu mkapime watoto kumi, kwa ruhusa ya wazazi wao. Ukimaliza rudi hapahapa uniandikie wangapi wako ngazi gani, majina usiweke, nitakusaidia kupanga makundi na nitakutumia masomo yetu ya wiki kumi yote.