FMEA au mti wa hitilafu kwa sistimu ya Saccos?

Mkuu, kwa timu ya watu wanne mnaotengeneza sistimu ya mikopo ya Saccos hapo Sinza, mi nakwambia anzeni na FMEA (Failure Mode and Effects Analysis, yaani kuorodhesha kila kipande kinavyoweza kuharibika na madhara yake), tena ile nyepesi ya kwenye Excel. Mti wa hitilafu (fault tree, mchoro wa visababishi) ulitokea Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, 1962 kwenye mambo ya makombora, unaanza na janga moja unalolijua halafu unashuka kutafuta visababishi, sasa nyie hata janga lenyewe bado hamjalijua.

FMEA inaanzia chini. Chukua kipande kimoja, tuseme mwanachama analipa rejesho kwa simu, uliza hapa kinaweza kuharibika nini? Mtandao unakata katikati, anabonyeza tena, hela inakatwa mara mbili. Toa alama 1 hadi 10: madhara 8, uwezekano wa kutokea 6, ugumu wa kugundua 7 maana hakuna anayelinganisha miamala mpaka mwisho wa mwezi, zidisha unapata 336, hiyo inapanda juu ya listi. Dawa yake kila muamala upewe namba yake, sava ikiiona mara ya pili isikate tena.

Ila jamani kitu chenye madhara 10 kishughulikieni hata kama jibu la kuzidisha ni dogo, hapa wengi wanachemka kabisa.

Kwenye udukuzi FMEA haitoshi, ongezeeni STRIDE ya Microsoft, ile orodha ya aina sita za vitisho vya usalama wa sistimu. Na yule dada wa kaunta anayepokea marejesho mwiteni mkae naye, msijifungie madevelopa peke yenu.